SOMO KWA WAFANYAKAZI WA AFYA: HESABU KAMILI YA DAMU — MAKOSA HUTOKA WAPI, NA MAJIBU YASOMWEJE?



Katika somo hili tumekusudia kueleza kipimo kimoja ambacho kila siku hupita mikononi mwa wengi wetu, nacho ni hesabu kamili ya damu. Muuguzi huichota damu, mwendesha pikipiki huisafirisha, mtu wa maabara huipima, karani huandika majibu, na daktari huyasoma. Kwa hiyo somo hili si la watu wa maabara peke yao. Ni la kila mfanyakazi wa afya, kuanzia vituo vya Nakivale mpaka hospitali za Mbarara.

Tuanze na jambo lililotokea. Mwenzetu mmoja wa maabara, ambaye hatumtaji jina wala kituo chake, alipokea usiku kichupa cha damu ya mtoto wa miaka 3 mwenye homa. Mashine ilitoa himoglobini ya 3.6. Pakawa na mbio za kutafuta damu ya kumwongeza mtoto, na iliyokuwapo ilikuwa chupa moja tu. Kabla haijatundikwa, daktari wa zamu alimtazama mtoto tena, akaona viganja vyake si vyeupe kama vya mtoto mwenye damu kidogo kiasi hicho. Akaagiza damu ichotwe upya. Jibu la pili likawa 6.8. Mtoto alitibiwa malaria bila kuongezewa damu, na ile chupa moja ikabaki kwa mgonjwa mwingine. Lakini asubuhi yake mwenzetu alipewa barua ya onyo kwa kosa la kutoa majibu ya uongo.

Wajumbe wa tawi waliomba daftari la maabara lifunguliwe. Majibu mawili yakawekwa pamoja. Himoglobini ilikuwa 3.6, kisha 6.8. Chembe nyeupe zilikuwa 4.5, kisha 8.5. Chembe sahani, yaani zile ndogo zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa 82, kisha 155. Tazameni vizuri tarakimu hizo. Kila moja ya jibu la kwanza ni nusu tu, au zaidi kidogo ya nusu, ya ile ya jibu la pili. Ugonjwa hauwezi kupunguza aina zote tatu kwa kadiri moja na kuzirudisha katika muda wa saa moja. Maji huweza. Ilipoulizwa, ikajulikana kwamba damu ya kwanza ilichotwa katika mkono uliotundikiwa dripu.

Barua ile ikafutwa. Wala hatukutaka iandikwe upya kwa jina la muuguzi, maana usiku ule alikuwa peke yake katika wodi nzima, na hapakuwa na mtu wa kumshika mtoto. Tulitaka jambo lieleweke, lisirudie. Na fundisho lake ndilo msingi wa somo letu: mashine huhesabu kile ilicholetewa. Makosa mengi ya kipimo hiki huzaliwa kabla damu haijafika mashineni, na mengine huzaliwa baada ya karatasi kutoka.

1. KIPIMO HIKI NI NINI

Damu ina aina tatu za chembe. Chembe nyekundu huchukua hewa safi mwilini kwa kutumia himoglobini, ambayo ndiyo wekundu wenyewe wa damu. Chembe nyeupe hupigana na maradhi, nazo zina aina zake: neutrofili, limfosaiti, monosaiti, eosinofili na basofili. Za tatu ni chembe sahani tulizozitaja. Hesabu kamili ya damu hutueleza wingi wa kila aina, kiasi cha himoglobini, na ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu, ambao kwenye karatasi huandikwa MCV.

Wazee wetu wa kazi walihesabu chembe kwa jicho, darubini ikiwa mbele yao na kioo chenye mistari cha kuhesabia kikiwa chini ya lenzi. Kazi ilikuwa ya polepole na ya kuumiza macho. Mwaka 1953 Mmarekani Wallace Coulter alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wake wa kuhesabu chembe kwa umeme. Damu huchanganywa na maji yenye chumvi, kisha hupitishwa katika tundu dogo sana lenye mkondo wa umeme. Kila chembe inapopita huuzuia umeme kidogo, na kizuizi hicho huhesabiwa. Chembe kubwa huzuia zaidi, ndogo huzuia kidogo. Mashine nyingi za leo bado hutumia njia hiyo, na nyingine huongeza mwanga.

Kumbukeni jambo hilo la tundu, kwa kuwa ndilo linaloeleza makosa mengi. Mashine haioni chembe kama mtu aonavyo kwa darubini. Inapima ukubwa wa kitu kilichopita. Kikipita kitu chenye ukubwa wa chembe sahani, kitahesabiwa kuwa chembe sahani, hata kikiwa kipande cha chembe nyekundu iliyovunjika.

2. MAKOSA YA KABLA YA MASHINE

(a) Jina. Kosa kubwa kuliko yote ni kupima vizuri damu ya mtu mwingine. Nakivale, iliyo katika Wilaya ya Isingiro, ilitambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960, wakati wa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao. Leo wanaishi humo watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia, Eritrea na kwingineko, pamoja na wenyeji wa Uganda. Jina moja huandikwa na huyu kwa Kifaransa, na yule kwa Kiingereza, na wa tatu kama alivyolisikia. Yusuf, Youssouf na Joseph huenda wakawa mtu mmoja, au wakawa watu watatu waliokaa kwenye benchi moja. Wako wengi ambao kadi zao zote zinaonyesha wamezaliwa 1 Januari, kwa sababu siku ya kuzaliwa haikujulikana.

Basi jina peke yake halitoshi. Namba ya kadi iandikwe kwenye fomu na kwenye kichupa. Tena tusiulize, "Wewe ndiye Amina?" Mgonjwa mwenye homa, au asiyesikia lugha yetu vizuri, huitikia ndiyo kwa kila kitu. Tuseme, "Mama, tafadhali nitajie majina yako yote." Kisha kichupa kiandikwe palepale mbele ya mgonjwa, baada ya kuchota. Vichupa vilivyoandikwa mapema na kupangwa mezani ndivyo vinavyobadilishana wenyewe.

(b) Mkono. Mpira wa kufungia mkono usikae zaidi ya dakika 1. Ukikaa sana, maji ya damu hutoka mshipani na chembe hubaki zimesongamana, na hesabu hupanda bila sababu ya ugonjwa. Damu isichotwe katika mkono wenye dripu. Uchaguliwe mkono wa pili. Kwa damu ya kidole, tone la kwanza lifutwe, na kidole kisikamuliwe, maana ukikamua unachanganya damu na maji ya nyama.

(c) Kichupa. Kwa kipimo hiki hutumika kichupa chenye kifuniko cha zambarau, ambacho ndani yake kimetiwa dawa ya EDTA ya kuzuia damu isigande. Dawa hiyo imepimwa kwa kiasi cha damu kilichoonyeshwa kwa mstari. Damu ikiwa kidogo mno, dawa huzidi, chembe husinyaa, na sura zake huharibika kiooni. Damu ikipita mstari, dawa haitoshi na haichanganyiki vizuri. Mara tu baada ya kuchota, kichupa kipinduliwe polepole mara 8 hadi 10. Kisitikiswe kama chupa ya dawa ya kikohozi, maana chembe zitapasuka.

Kichupa kisipopinduliwa, donge dogo la damu hufanyika. Donge hilo hukamata chembe sahani, na mashine hutoa hesabu ndogo sana. Daktari akisoma chembe sahani 30 ataogopa mgonjwa atatoka damu, na pengine ataahirisha upasuaji. Kumbe donge liko chini ya kichupa, na mtu angeliona kwa kuchovya kijiti tu.

Jambo jingine: inapochotwa damu ya vipimo kadhaa kwa pamoja, kichupa cha zambarau kijazwe baada ya vile vya vipimo vya chumvi za mwilini. Dawa ya EDTA ina potasi ndani yake. Ikiingia katika kichupa kingine, mgonjwa ataonekana ana potasi ya kutisha, na kalsiamu iliyoshuka.

(d) Safari. Pale mashine ya karibu inapoharibika au dawa zake zinapokwisha, damu husafirishwa kwa barabara mpaka Mbarara. Njiani kuna vumbi, jua na kungoja. Damu iliyokaa katika joto la kawaida la chumba ni vizuri ipimwe kabla ya kupita muda wa saa 6 hadi 8. Ikitunzwa katika ubaridi wa nyuzi 4 inaweza kungoja mpaka saa 24. Himoglobini haibadiliki upesi, lakini chembe nyekundu huvimba na MCV hupanda, na chembe nyeupe huanza kuharibika. Damu ya kutazamwa kwa darubini ni bora ipakwe kiooni hapohapo Nakivale, katika muda wa saa 2 tangu kuchotwa, na kioo kisafirishwe pamoja na kichupa.

Kisanduku cha baridi kiwepo, lakini kichupa kisiguse barafu, kwa sababu damu iliyoganda kwa barafu hupasuka chembe zake zote. Wala kisifungwe nyuma ya pikipiki juani bila kisanduku. Hapa twasema wazi: mwendesha pikipiki hawezi kulaumiwa kwa kisanduku ambacho hakupewa. Saa ya kuchota na saa ya kufika ziandikwe kwenye fomu. Saa hizo ni ushahidi wa mgonjwa, na ni ushahidi wetu pia.

3. MAKOSA YA MASHINE NA YA CHUMBA CHAKE

Kila asubuhi, kabla ya damu ya mgonjwa wa kwanza, mashine ipimwe kwa damu ya ukaguzi ambayo majibu yake yanajulikana: ya chini, ya kati na ya juu. Majibu yatiwe kwenye mchoro wa kila siku. Nukta moja iliyotoka nje ya mipaka hutuambia tusimame. Nukta zinazoteremka kidogo kidogo kwa siku nyingi, ingawa bado zimo ndani ya mipaka, hutuambia kwamba dawa inaharibika au tundu linaziba. Mchoro unaojazwa mwisho wa mwezi kwa siku moja hauna faida yoyote, nao ni uongo tunaojidanganya wenyewe.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, sampuli zilizokuwa zikipimwa zirudiwe. Dawa za mashine zilizopita tarehe zisitumiwe kwa kuwa "bado ziko nyingi". Na kichupa kilichokaa mezani kipinduliwe tena kabla ya kupimwa, maana chembe nyekundu huzama chini, na sindano ya mashine ikinyonya juu itapata maji matupu.

Baadaye kuna kosa la kalamu. Mashine moja huandika chembe nyeupe 5.2, nyingine huandika 5200, na zote mbili zina maana ileile. Himoglobini ya gramu 11 kwa desilita ni sawa na gramu 110 kwa lita. Karani anayenakili akisahau nukta, 11.0 huwa 110, na 10.5 huweza kuwa 1.05. Tuandike kipimo pamoja na tarakimu, na mtu wa pili asome kabla ya karatasi kutoka.

4. DAMU INAYOIDANGANYA MASHINE

Wakati mwingine damu imechotwa vizuri, mashine ni nzima, na bado jibu si kweli. Tutaje mifano minne.

Kwanza, wako watu ambao chembe sahani zao hushikamana zinapokutana na dawa ya EDTA. Mwilini mwao ni nzima. Ndani ya kichupa zinafanya vikundi. Mashine huzihesabu chache, na vikundi vikubwa huenda vikahesabiwa kuwa chembe nyeupe. Dawa yake ni kutazama kioo, kisha kuchota tena katika kichupa cha sitrati na kuzidisha hesabu ya chembe sahani kwa 1.1, kwa kuwa sitrati ni ya maji nayo hupunguza ukolezi wa damu.

Pili, chembe nyekundu changa ambazo bado zina kiini. Mashine nyingi huzihesabu kuwa nyeupe. Huonekana kwa watoto wachanga na kwa wagonjwa wa selimundu. Mfano: mashine imetoa chembe nyeupe 24.0, na kwenye kioo tumekuta chembe changa zenye kiini 60 kwa kila chembe nyeupe 100. Tunachukua 24.0, tunazidisha kwa 100, tunagawanya kwa 160. Jibu la kweli ni 15.0. Hapa yafaa tahadhari. Utafiti juu ya watoto wa Uganda uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 13.3 walikuwa na urithi wa selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, na sehemu za kusini magharibi zilikuwa miongoni mwa zenye kiwango kidogo. Mfanyakazi aliyezoea wenyeji wa Mbarara asisahau kwamba wakazi wengi wa Nakivale wametoka sehemu nyingine kabisa.

Tatu, damu ambayo chembe zake nyekundu hushikamana katika baridi. Mashine hupata chembe nyekundu chache mno na zenye ukubwa wa ajabu, na ile tarakimu iitwayo MCHC hupita 36. Kichupa kipashwe joto la nyuzi 37, kisha kipimwe mara moja. MCHC ikipanda hivyo kwa sababu nyingine, tutafute mafuta mengi katika damu au chembe zilizopasuka.

Nne, chembe nyekundu ndogo sana za mtu aliyepungukiwa na madini ya chuma, au vipande vya chembe zilizovunjika, huhesabiwa kuwa chembe sahani. Hapo upungufu hujificha, na daktari husoma hesabu nzuri ambayo haipo.

Lakini tusivuke mpaka upande wa pili, tukadhani kila jibu baya ni kosa. Malaria hupunguza chembe sahani kwa kweli, tena mara nyingi. Mwenye malaria akitokea na chembe sahani 60, hiyo huenda ikawa kweli tupu. Ndiyo maana tunasema darubini isifungiwe kabatini siku mashine mpya inapoletwa. Mashine ikitia alama ya onyo kando ya tarakimu, inaomba jicho la mtu.

5. KUYASOMA MAJIBU

Iko kanuni rahisi ya 3. Himoglobini ikizidishwa kwa 3 hukaribia fungu la chembe nyekundu kwa asilimia, likitofautiana kwa 3 tu juu au chini. Himoglobini 12 yapasa iende na fungu la kiasi cha 36. Likitokea 44, tusimame tuulize. Kanuni hii inafaa pale chembe nyekundu zilipo za ukubwa na wekundu wa kawaida. Kwa mwenye upungufu wa chuma au selimundu huenda isikubali, na kioo kitatueleza sababu.

La pili ni kulinganisha na jibu la zamani la mtu yuleyule. Himoglobini haitoki 7 mpaka 13 kwa siku mbili bila kuongezewa damu. MCV nayo hubadilika polepole sana. Ikiruka kutoka 68 hadi 92 kwa juma moja, na mgonjwa hakuongezewa damu, basi inaelekea kichupa ni cha mtu mwingine.

La tatu ni mipaka ya kawaida. Karatasi ya mashine huchapishwa na mipaka iliyowekwa na watengenezaji, aghalabu kwa watu wa Ulaya na Marekani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliopima watu wazima wenye afya katika Uganda, Kenya, Rwanda na Zambia, ulionyesha kwamba watu wetu wengi wana neutrofili na chembe sahani kidogo kuliko mipaka hiyo, na eosinofili zaidi. Sababu moja ya neutrofili chache ni urithi wa kukosa alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu, urithi ambao pia humkinga mtu na aina moja ya malaria. Mtu huyo si mgonjwa. Lakini karatasi ikisomwa bila akili, atasimamishiwa dawa anazozihitaji, au atatumwa Mbarara kwa nauli yake kutafuta ugonjwa usiokuwapo. Na kwa kuwa wakazi wa Nakivale hawatoki mahali pamoja, jedwali moja haliwatoshi wote.

La nne ni kimo cha nchi. Mtu anayeishi juu, ambako hewa ni nyepesi, huwa na himoglobini zaidi kuliko wa pwani. Nakivale na Mbarara zote ziko zaidi ya meta 1000 juu ya bahari. Mwongozo wa Shirika la Afya Ulimwenguni wa mwaka 2024 unaelekeza kupunguza 0.8 kwa mtu anayeishi kati ya meta 1000 na 1499 kabla ya kulinganisha na mpaka. Kwa mwanamke asiye mjamzito mpaka ni 12.0. Mwanamke wa Nakivale mwenye 12.5 anaonekana mzima, tukipunguza 0.8 anabaki na 11.7, naye ana upungufu mdogo wa damu unaostahili kuangaliwa.

La tano ni umri na hali. Mtoto mdogo kuwa na limfosaiti nyingi kuliko neutrofili ni jambo la kawaida. Mama anayejifungua huwa na chembe nyeupe nyingi bila maambukizo yoyote. Kwa hiyo chembe nyeupe 14 si amri ya kuandika dawa kali. Eosinofili nyingi mara kwa mara hutuelekeza kwenye minyoo au kichocho.

La mwisho, na kubwa kuliko yote, ni mgonjwa mwenyewe. Kwa watoto wenye upungufu mkubwa wa damu, himoglobini chini ya 4 huhesabiwa kuwa sababu ya kuongeza damu, na kati ya 4 na 6 hutazamwa dalili kama kupumua kwa taabu au kupotewa na fahamu. Angalieni jinsi 3.8 na 4.2 zilivyo karibu! Tofauti hiyo huweza kuletwa na mpira uliokazwa mno au kidole kilichokamuliwa. Damu inayotoka benki ya damu ya Mbarara imetolewa na watu bure, nayo haitoshi kila siku. Akipewa asiyehitaji, anayehitaji atakosa. Na asipopewa anayehitaji, twajua mwisho wake.

6. WAJIBU WETU NA HAKI ZETU

Tumeona kwamba karatasi moja hushikwa na mikono mitano au sita. Kosa likitokea, ni rahisi kumkamata aliye wa mwisho, naye ni mtu wa maabara. Jambo hilo halimsaidii mgonjwa, kwa sababu kosa linabaki palepale lilipozaliwa. Kwa hiyo tunashauri kila tawi lizungumze na wakuu wa kazi juu ya mambo haya:

Mosi, mtu wa maabara awe na haki ya kukataa sampuli yenye donge, isiyo na jina au iliyojaa isivyofaa, bila kutukanwa wala kutishwa. Naye ana wajibu wa kueleza sababu kwa heshima, na kuiandika daftarini.

Pili, jibu la hatari lipigiwe simu mara moja, na anayepokea alirudie kwa sauti. Saa na jina viandikwe pande zote mbili.

Tatu, daktari au muuguzi anayeona jibu haliendi na mgonjwa aulize. Kuuliza si kumdharau mwenzako. Mwenye maabara asione haya kurudia kipimo.

Nne, vifaa vya kazi viwepo: vichupa ambavyo havijapita tarehe, damu ya ukaguzi, visanduku vya baridi, na watu wa kutosha katika zamu ya usiku. Tukiomba vitu hivi hatuombi starehe. Tunaomba jibu la kweli kwa mgonjwa.

Tano, kila kosa lichunguzwe kutoka mkono wa kwanza mpaka wa mwisho kabla ya barua yoyote kuandikwa. Nasi kwa upande wetu tusifiche kosa. Mfanyakazi anayeficha kosa leo anamwachia mwenzake wa kesho.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Katika kituo chenu, kichupa huandikwa jina wakati gani, na nani? Mgonjwa huulizwaje jina lake?

2. Mgonjwa ana himoglobini 5.0, chembe nyeupe 3.0 na chembe sahani 70. Jana alikuwa na 10.0, 6.0 na 140. Mtauliza nini kwanza kabla ya kuomba damu?

3. Mashine imetoa chembe nyeupe 18.0. Kwenye kioo mmekuta chembe nyekundu changa zenye kiini 20 kwa kila nyeupe 100. Hesabu ya kweli ni ngapi?

4. Kichupa kilichotwa Nakivale saa 3 asubuhi, kikafika Mbarara saa 12 jioni bila kisanduku cha baridi. Ni majibu gani ya kuaminiwa, na yapi ya kutiliwa shaka?

5. Lini mara ya mwisho mwenzenu alilaumiwa kwa jibu baya? Je, kosa lilitafutwa mpaka mwanzo wake?

Jibu la swali la 3 ni 15.0. Mengine yajadilini pamoja, muuguzi, mtu wa maabara, karani na mwendesha pikipiki wakikaa meza moja. Tuna hakika kwamba mkutano mmoja wa namna hiyo utaondoa makosa mengi kuliko barua kumi za onyo.